Maswali ya Wasomaji: Kigango kilianza lini, na nani alikianzisha?

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zinahusu vigango vya vijijini na wakulima waliovijenga. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu jibu lake linaziwekea msingi zile zinazofuata.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Ndugu Mhariri. Mimi ni katibu wa kamati ya jubilei katika kigango cha wakulima wa kahawa na migomba, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Paroko ametuagiza tuandike historia ya kigango, nasi tumekwama mwanzoni kabisa, kwa kuwa wazee watatu wametupa miaka mitatu tofauti. Mmoja anahesabu tangu kanisa la mawe lilipobarikiwa. Wa pili anahesabu tangu padre alipoadhimisha Misa ya kwanza katika banda la nyasi. Wa tatu anasema kigango kilianza siku mwalimu wa dini alipokaribishwa kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha babu yake, akaanza kufundisha watoto. Tufuate mwaka upi? Kuna maandishi gani tunayoweza kuyategemea? Na je, ni kweli kwamba kahawa yetu ililetwa na mapadre?

JIBU: Milele, amina. Ningekuwa mjumbe wa kamati yenu ningemfuata mzee wa tatu, huku nikiitaja miaka ya wenzake wawili mahali pake. Kubarikiwa kwa kanisa ni historia ya jengo, na Misa ya kwanza ni historia ya ziara za padre. Kigango ni waamini wa mahali pamoja waliozoea kukusanyika, kusali na kufundishana hata wakati padre hayupo, na mkusanyiko wa namna hiyo, karibu kila mahali katika nchi yetu, ulianza na katekista, yaani mwalimu wa dini. Vitabu vingi vya jubilei huanza na picha za mapadre wenye ndevu na kuishia na picha ya askofu akikata utepe, huku katekista akitajwa mara moja tu, kwa jina la ubatizo peke yake, katikati ya aya inayohusu mabati. Msifuate mtindo huo.

Ili sababu yangu ieleweke, ni lazima turudi nyuma kidogo, hadi Pwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mpango wao wa awali ulikuwa kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, kuwafundisha dini, kilimo na ufundi, kisha kuwaoza na kuwapa nyumba na mashamba katika kijiji cha Kikristo kilichosimamiwa na misheni yenyewe. Misheni ya Mhonda, katika mkoa wa leo wa Morogoro, iliyofunguliwa mwaka 1877, ilianzishwa kwa familia za namna hiyo zilizotoka Bagamoyo. Katika mpango huo hapakuwa na haja ya kigango, kwa sababu mkulima aliletwa kwenye kanisa: aliamka kwa kengele ya misheni, akalima shamba la misheni au lile alilogawiwa na misheni, na jioni akarudi kusali palepale.

Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, akiwa na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, alipanda Kilimanjaro na kupokewa na Mangi (mtawala wa Kichagga) Fumba wa Kilema. Huko mpango wa Bagamoyo usingeweza kufanya kazi, na kwa maoni yangu sababu kubwa ilikuwa kilimo chenyewe. Wachagga hawakuwa watu waliotawanywa na biashara ya utumwa wakitafuta pa kujishikiza. Walikuwa wamekaa juu ya vihamba vyao vizazi kwa vizazi, migomba ikizunguka nyumba, ng'ombe wakilishwa zizini na samadi yao ikirudi shambani, maji yakiletwa na mifongo, yaani mifereji, iliyochimbwa na kutunzwa na ukoo mzima. Mtu mwenye kihamba, chenye makaburi ya babu zake ndani yake, haachi hayo yote ili akaishi katika mstari wa nyumba nyuma ya misheni. Kwa hiyo, badala ya mkulima kuhamia kanisani, ilibidi kanisa limfuate mkulima, na hapo ndipo penye asili ya vigango vya mlimani. Misheni zilikuwa chache, Kilema, kisha Kibosho mwaka 1893 na Rombo mwaka 1898, na mapadre walihesabika. Mitaa ilikuwa mingi, ikitenganishwa na makorongo ambayo wakati wa masika hayavukiki. Aliyeweza kukaa kila mtaa ni katekista.

Banda lake la kwanza halikuwa kanisa kwa maana tunayoijua leo. Lilikuwa shule. Siku za kazi watoto walikaa juu ya magogo wakijifunza kusoma, kuandika, sala na katekisimu ya maswali na majibu. Jumapili magogo hayohayo yalikaliwa na wazazi wao, na katekista akaongoza sala na kueleza Injili. Padre alipita kwa zamu, akaungamisha, akaadhimisha Misa, akawapima waliojiandaa kwa ubatizo, akaondoka. Katikati ya ziara zake ni katekista aliyewatembelea wagonjwa, aliyewabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, aliyesuluhisha ugomvi wa ndoa na kupeleka habari misheni. Naye alikuwa mkulima. Alichopewa na misheni kilikuwa kidogo, hivyo aliishi kwa shamba alilokaribishwa na wenyeji, na alijua bila kuambiwa kwamba ulezi ukikaribia kukomaa watoto hawatakuja darasani, kwa sababu wapo mashambani wanafukuza ndege.

Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vyake, na mwaka 1928 Arthur Hinsley, aliyetumwa na Roma kukagua elimu ya Kikatoliki katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, aliwahimiza maaskofu waliokutana Dar es Salaam wazipe shule kipaumbele, hata ikibidi ujenzi wa makanisa usubiri. Matokeo yake mnayaona hadi leo kwa macho. Ualimu na ukatekista, ambavyo awali vilikuwa kazi ya mtu mmoja, vilianza kutengana: mwenye cheti akaenda kwenye shule yenye ruzuku, na asiye na cheti akabaki na mafundisho ya dini. Kisha, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, Serikali ya Tanzania ilizitwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku yake. Ndiyo maana katika vijiji vingi shule ya msingi na kigango vipo kwenye uwanja mmoja, vikitenganishwa na ua wa michongoma au bila ua wowote. Kama hali ni hiyo kwenu, jengo la zamani zaidi la kigango chenu huenda ni lile linalotumiwa leo kama stoo ya shule. Ombeni mwalimu mkuu awaruhusu mlikague kabla halijabomolewa.

Kuhusu maandishi, anzieni parokiani, kwa kuwa vitabu vya sakramenti hutunzwa na paroko na si kigangoni. Kama parokia yenu yenyewe ilizaliwa na parokia nyingine, nendeni hadi kwa parokia mama. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimtaka paroko awe na vitabu vya waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliofariki, pamoja na kitabu cha hali ya waamini, na ilimtaka kila mwisho wa mwaka apeleke nakala kwa askofu, isipokuwa ya hicho cha mwisho. Kwa hiyo kitabu kilicholiwa na mchwa parokiani hakijapotea mpaka mmeuliza ofisi ya jimbo.

Kitabu cha ubatizo cha enzi hizo kimeandikwa Kilatini, lakini kisiwatishe, maana maneno ni machache na yanajirudia. Kila mstari una jina la aliyebatizwa, siku ya ubatizo, wazazi, msimamizi (patrinus kwa mwanamume, matrina kwa mwanamke), jina la aliyebatiza, na mahali. Safu ya mahali ndiyo hazina yenu. Tafuteni mara ya kwanza jina la mtaa wenu linapoonekana, lakini msikimbilie kuuandika mwaka huo kwenye bango la jubilei, kwa sababu mistari ya mwanzo mara nyingi ni ya wagonjwa mahututi waliobatizwa kwenye vitanda vyao, na mgonjwa mmoja aliyebatizwa hathibitishi kwamba palikuwa na jumuiya. Ushahidi mzuri zaidi ni mwaka ambao watu wazima kadhaa wa mtaa wenu wanabatizwa siku moja, kwa kawaida karibu na Pasaka au Noeli. Hao walifundishwa pamoja kwa muda mrefu, na aliyewafundisha alikuwa akiishi kati yao. Akitokea mtu mmoja kuwa msimamizi wao karibu wote, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmempata katekista wenu.

Tazameni pia pembezoni mwa ukurasa. Tangu mwaka 1908 sheria iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo iandikwe kando ya ubatizo wake, hata kama amefunga ndoa mbali. Kwa kufuata maandishi hayo madogo ya pembeni mtajua vijana wenu walikwenda wapi: nani aliolewa kigango cha jirani, nani alifungia ndoa mjini, ni miaka gani walianza kuondoka kwa wingi. Hiyo ni historia ya wakulima ambayo haipatikani kwenye hotuba ya mgeni rasmi.

Jina la mtaa wenu msipoliona, lisomeni kwa sauti. Mfaransa huandika ou penye u na tch penye ch, Mjerumani huandika sch penye sh, na padre mgeni aliandika alivyosikia. Zaidi ya vitabu hivyo, nyumba za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziliandika shajara za kila siku kwa Kifaransa, na nyaraka za shirika hilo zimetunzwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, waliofanya kazi magharibi mwa nchi nao waliandika shajara katika kila misheni, na hifadhi yao ipo Roma. Barua fupi yenye heshima, ikitaja jina la misheni na miaka mnayoitafuta, hugharimu kidogo.

Sasa kahawa. Kwa upande wenu wa mlima jibu ni ndiyo, lakini kwa sehemu tu. Kahawa ya arabika ya aina ya bourbon, iliyopata jina lake kutokana na kisiwa kinachoitwa leo Réunion, ilipandwa katika bustani za misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo, kahawa kuwa kwenye bustani ya misheni au kwenye shamba la mlowezi ni jambo moja, na kahawa kuwa zao la mkulima ni jingine. Hili la pili lilifanywa na Wachagga wenyewe, hasa miaka ya 1920, wakihimizwa na Charles Dundas aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, huku walowezi wakipinga kwa madai kwamba mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa ya mimea. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), na mwaka 1933 kikafuata Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), ambacho bado kipo. Na msiandike kamwe kwamba mapadre ndio walioleta kahawa Tanzania, kwa sababu wasomaji wenu wa Kagera watawacheka. Wahaya walitafuna kahawa ya robusta iliyochemshwa na kukaushwa, wakamkaribishia nayo mgeni na kuitumia katika kufunga undugu wa damu, muda mrefu kabla ya Mapadre Weupe kufungua misheni ya Kashozi mwaka 1892.

Kahawa iwasaidie kupima kumbukumbu za wazee. Mkimwuliza mzee mwaka kanisa lilipoanza kujengwa, atakisia. Mkimwuliza ahadi yake ya mchango aliilipa kwa malipo ya pili ya kahawa ya msimu upi, kama ni kabla au baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, au kama ujenzi wa kuta ulikwama kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, wakati bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mgawo wa mauzo wa kimataifa kusitishwa mwaka 1989, atawajibu kama mtu anayeeleza mambo ya nyumbani kwake. Waulizeni na kina mama. Mawe, mchanga na maji ya ujenzi vilibebwa kichwani, lakini majina ya waliobeba hayamo katika daftari la michango, kwa kuwa daftari liliandika fedha tu, na fedha ya kahawa ilipokelewa na mwanamume aliyesajiliwa kwenye chama.

SWALI: Kigango chetu, mkoani Ruvuma, kimesimama peke yake porini, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Ni cha tofali za kuchoma, kina kengele ya ringi ya lori iliyotundikwa mwembeni, na ni wazee wachache tu wanaokwenda huko. Vijana wanasema wamisionari walichagua mahali pabaya, na wanataka tofali zibomolewe zikajenge jipya kijijini. Wamisionari walikuwa na sababu gani ya kujenga mbali na watu?

JIBU: Hawakujenga mbali na watu. Watu ndio walioondolewa. Mwembe na ringi ni ushahidi tosha kwamba hapo palikuwa na makazi, na mkitembea mita chache kuzunguka kanisa, nina hakika mtakuta mawe ya kusagia, vigae na makaburi.

Novemba 1973 Serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni agizo linalopaswa kutimizwa kabla ya mwisho wa 1976, na operesheni iliyofuata iliwahamisha mamilioni ya wananchi kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Mahali penye vihamba vya kudumu, kama Kilimanjaro na Bukoba, watu walihamishwa kidogo kwa sababu walikwisha kukaa kwa msongamano. Kusini, ambako familia ziliishi mbalimbali katikati ya mashamba yao, uhamisho ulikuwa mkubwa, na majengo yasiyoweza kubebwa yaliachwa kwenye mahame. Shule ilipata jengo jipya kijijini kwa sababu ilikuwa ya Serikali. Kigango hakikuwa na wa kukijengea isipokuwa wakulima haohao, ambao kwa miaka ya mwanzo walikuwa wakihangaika kujenga nyumba zao wenyewe na kurudi kila siku kulima mashamba ya zamani.

Vijana wajue pia kwamba jumuiya hizi za kusini zimezoea kuachwa na kuanza upya. Misheni ya Peramiho, iliyofunguliwa na Wabenedikto mwaka 1898, ilichomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, vita ambavyo pia viliwaacha wananchi wa eneo hilo na njaa kali baada ya Wajerumani kuharibu mazao na maghala. Misheni ikajengwa tena. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wabenedikto wa Kijerumani, na kwa miaka kadhaa, mpaka waliporuhusiwa kurudi, waliohakikisha kwamba watoto wanafundishwa na wafu wanazikwa kwa sala walikuwa makatekista wa vijijini wakisaidiwa na mapadre wachache wa mashirika mengine.

Kuhusu kubomoa, msifanye hivyo kwa uamuzi wa kikao cha vijana. Kwa kanuni ya 1224 ya sheria ya sasa ya Kanisa, mahali pa sala palipokwisha kuidhinishwa hapageuzwi kwa matumizi ya kawaida bila idhini ya mwenye mamlaka yuleyule, na kwenu hiyo maana yake ni kupitia kwa paroko hadi jimboni. Binafsi ningependa kanisa la zamani libaki, hata kama Misa ya Jumapili itahamia kijijini, kwa sababu mashamba yenu bado yako upande huo na makaburi hayahamishiki. Lakini uamuzi ni wenu, na tofali za kuchoma si bei rahisi.

SWALI: Babu yetu alimpa katekista ekari moja, kwa mdomo, ili ajenge shule ya dini. Sasa pana kanisa kubwa, na binamu zangu wanadai ardhi irudi ukoo kwa sababu hakuna karatasi. Nani mwenye haki?

JIBU: Sitahukumu kesi ambayo upande mmoja tu umeandika, lakini naweza kueleza kwa nini karatasi haipo. Kwa desturi za makabila mengi ya wakulima, mgeni aliyekaribishwa alipewa haki ya kutumia ardhi, na haki hiyo ilidumu muda wote alioitumia kwa jambo lililokusudiwa; hakuna aliyefikiri juu ya kuuza wala kuhamisha umiliki. Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1895, waliitangaza ardhi yote wanayoona haina mwenyewe kuwa ya dola, na misheni zikatafuta hati za viwanja vyake vikubwa. Vigango vingi vilibaki juu ya neno la mwenye shamba. Waingereza, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi chini ya Gavana huku wakiacha matumizi ya kimila yaendelee bila kuandikwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu wa wachache waliokuwa na hati uligeuzwa kuwa ukodishaji wa Serikali, jambo ambalo lilizigusa misheni lakini halikumfikia mzee aliyetoa ekari kwa mdomo.

Leo kiwanja chenu kwa uwezekano mkubwa kipo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ambayo inaitambua haki ya kimila hata isipokuwa na hati, na inalikabidhi baraza la ardhi la kijiji kazi ya kusuluhisha migogoro ya namna hii. Jambo la busara ni kuwaandika mashahidi walio hai kabla hawajafariki, mipaka ikatembelewa na pande zote mbili, na mapatano yakapelekwa halmashauri ya kijiji yakaingizwa kwenye muhtasari. Kanisa kwa upande wake humiliki mali kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, si la paroko wala la mwenyekiti wa kigango, kwa hiyo mtu yeyote kigangoni asiweke saini kwa niaba yake. Nadhani pia kwamba jina la babu yenu kuandikwa ukutani mwa kanisa kungetuliza nusu ya ugomvi huu, na hakugharimu ekari yoyote.

SWALI: Bibi yangu husimulia kwamba alipokuwa msichana, kila mwezi wa nne watu wa kigango waliandamana hadi mashambani wakiimba kwa Kilatini, padre akinyunyiza maji ya baraka juu ya mahindi machanga. Siku hizi tuna mnada wa mavuno tu. Kwa nini ile ya zamani ilikoma?

JIBU: Bibi anakumbuka vizuri. Kanisa la Kilatini lilikuwa na siku za maombi kwa ajili ya mazao: tarehe 25 Aprili, na siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana. Za pili zilianza Vienne, nchini Ufaransa, katika karne ya 5, wakati wa Askofu Mamertus. Ile ya Aprili ni ya Roma, nayo ilichukua nafasi ya sherehe ya kale ya kipagani ya kuomba ngano isishambuliwe na ugonjwa wa kutu. Watu waliandamana wakiimba Litania ya Watakatifu, yenye maombi ya kukingwa na radi, dhoruba na njaa. Tarehe hizo zilipangwa kwa ajili ya machipuko ya Ulaya, lakini kwa bahati zinaangukia katikati ya masika yetu, na nadhani ndiyo sababu wakulima wa huku walizipenda kuliko sikukuu nyingine nyingi zilizoletwa pamoja nazo.

Marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 hayakuzifuta. Yaliacha mabaraza ya maaskofu yapange wakati na namna ya kuziadhimisha. Mahali pengi zikafifia bila kutangazwa, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshughulika na mabadiliko makubwa zaidi, Misa kuingia Kiswahili na ngoma kuingia kanisani. Mnada nao haukuja kuziondoa, maana unatoka upande mwingine kabisa, kwenye sadaka ya vitu. Mkulima hana fedha mkononi kila Jumapili, ila ana mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku. Analeta altareni alicho nacho, na baada ya Misa kinanadiwa uwanjani, mara nyingine mkungu uleule ukinunuliwa na kurudishwa unadiwe tena mpaka mara tatu. Ni njia nzuri ya kupata mabati. Tofauti yake na ile ya zamani ni kwamba inamkuta mkulima akiwa amekwisha kuvuna, wakati yule anayemhitaji Mungu zaidi ni yule ambaye mahindi yake yana majani manne na mvua imekatika.

Kitabu cha Baraka kilichotolewa na Roma mwaka 1984 kina ibada ya kubariki mashamba na malisho, na shemasi naye anaweza kuiongoza. Mwombeni paroko wenu mapema, kabla ya ratiba ya Aprili haijajaa, naye akikubali maandamano ya bibi yako yanaweza kurudi mwaka ujao, safari hii kwa Kiswahili.